Nikope milioni 30 ninunue viwanja vya kuja kuuza?

BARUA

Wapendwa waandishi wa safu hii,

Habari za kazi. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya Serikali mkoani Morogoro, nina miaka 41, nimeolewa na tuna watoto wawili, mmoja kidato cha pili na mwingine darasa la sita. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 1,600,000 na mkononi napokea 1,188,000. Mume wangu anauza spea za pikipiki. Msimu ukikubali anaingiza vizuri, usipokubali tunaishi kwa mshahara wangu. Tumepanga kwa laki mbili kwa mwezi, na nyumba yetu wenyewe imesimama kwenye lenta huu mwaka wa tatu.

Tangu mwaka jana mwenzangu kashikilia habari ya viwanja. Kuna kampuni inauza viwanja Kigamboni, Dar es Salaam, mbele ya Kibada, mahali ambapo ukishuka kwenye lami unapanda bodaboda kama nusu saa. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni milioni 9. Hati unalipia mwenyewe, laki nane kwa kila kiwanja. Mpango wake ni mimi nikope benki milioni 30, nikatwe kwenye mshahara miaka sita kwa riba ya asilimia 16. Tununue viwanja vitatu, tulipie hati, laki sita zinazobaki ziwe za wakili, kisha tukae navyo miaka mitatu. Dalali wa kampuni amemhakikishia kuwa ndani ya muda huo bei itakuwa mara mbili kwa sababu barabara ya lami inakuja. Tutauza, tutamaliza deni, faida itapaua nyumba. Na tukikosa mteja, kampuni "itatusaidia kuuza". Viwanja viandikwe jina lake kwa kuwa yeye ndiye anayefuatilia.

Hofu yangu inatoka Bagamoyo. Mwaka 2014, habari za bandari zilipopamba moto, tulinunua kiwanja upande wa Zinga kwa milioni 6, kwa mkataba wa mkono mbele ya mwenyekiti. Hakijapimwa. Tuliambiwa baada ya miaka mitano tutataja bei tunayotaka. Mpaka leo mtu aliyekuja kwa dhati na kutaja bei kubwa kuliko wote alisema milioni 7 na nusu, tena kwa awamu. Mume wangu anasema Bagamoyo ilikuwa bahati mbaya ya siasa, na kwamba ardhi haijawahi kushuka bei. Kwenye ukoo wao kila aliyetoka kimaisha alianza na viwanja, na sasa mimi ndiye mwoga wa familia.

Fomu ya mkopo mwajiri ameshaisaini. Iko kwenye mkoba wangu, sijaipeleka benki. Nifanyeje? Kwani ardhi si ndiyo akiba salama kuliko zote?

Muuguzi, Morogoro

JIBU

Dada yetu,

Usiipeleke hiyo fomu. Uoga hauhusiki hapa, ni hesabu tupu, na mnaweza kuirudia wewe na shemeji yetu usiku huuhuu kwa kikokotoo cha simu.

Mkopo wa milioni 30 kwa riba ya asilimia 16 inayohesabiwa juu ya deni lililobaki, kwa miezi 72, unakatwa takriban 650,800 kila mwezi. Ukiulipa mpaka mwisho utakuwa umetoa kama milioni 46.9. Lakini ninyi hamna nia ya kufika mwisho, mnataka kuuza mwezi wa 36. Siku hiyo mtakuwa mmeshakatwa milioni 23.4, na hapo ndipo wengi hudhani nusu ya deni imekwisha. Haijaisha. Miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya makato inakwenda kwenye riba: mwezi wa kwanza, ndani ya hizo 650,800, laki nne nzima ni riba. Kwa hiyo baada ya miezi 36 benki bado itakuwa inawadai kama milioni 18.5. Jumlisha mlichokatwa na mnachodaiwa, viwanja vimeshawagharimu milioni 41.9. Ongezeni kufyeka, mtu wa kuviangalia, kodi ya pango la ardhi na nauli za kwenda kuvitembelea, tuseme laki tatu kwa mwaka kwa vyote vitatu. Mko milioni 42.8.

Sasa kuuza. Dalali atachukua asilimia 5 akiwa na huruma, na kuna maeneo wanadai 10. Mamlaka ya Mapato (TRA) itataka kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na bila cheti chao Msajili wa Hati habadilishi jina. Asiye na nyaraka za gharama alizoingia anaweza kutozwa asilimia 3 ya bei yote au ya thamani iliyothibitishwa, ile iliyo kubwa, kwa hiyo kila risiti ya hati, upimaji na wakili itunzwe tangu siku ya kwanza. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida hulipa mnunuzi, lakini msidhani hauwahusu. Mnunuzi anajua atautoa, naye anaupunguza kwenye bei anayowatajia.

Ukiyaweka yote hayo pamoja, ili mrudishe fedha yenu tu bila hata senti ya faida, lazima viwanja vitatu viuzwe kwa kama milioni 46.6, yaani milioni 15 na nusu kila kimoja. Kutoka milioni 9. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 20 kila mwaka, miaka mitatu mfululizo, na vyote viuzwe mwezi uleule mliopanga.

Tuchukulie dalali kasema kweli na bei imekuwa mara mbili, milioni 18 kwa kiwanja. Mnabaki na faida ya kama milioni 6.3. Bei ikipanda asilimia 10 kwa mwaka, jambo ambalo mtu yeyote angeliita soko zuri, mnapoteza kama milioni 9. Ikibaki palepale, mnapoteza kama milioni 17. Tazama upana wa upande mmoja na ufinyu wa mwingine. Ahadi nzuri kuliko zote aliyowapa dalali, ikitimia neno kwa neno, inawalipa chini ya kodi ya nyumba mnayolipa sasa: laki mbili kwa mwezi kwa miezi 36 ni milioni 7.2. Maana yake, kuhamia kwenye nyumba yenu iliyo kwenye lenta, hata kwa vyumba viwili vilivyopauliwa na mlango wa mbao, kunawapa zaidi ya hiyo biashara ya viwanja, na hakuna haja ya kumsubiri mteja.

Jambo moja la haraka kabla hatujauacha mshahara. Ukitoa makato hayo unabaki na 537,200. Theluthi ya mshahara wako wa msingi, ambayo mtumishi haruhusiwi kushuka chini yake, ni 533,333. Benki imekupimia mpaka ukingoni. Mtoto akilazwa au shemeji akikosa msimu mmoja, huna pa kukopa kwa halali, na hapo ndipo watu huuza kiwanja kwa bei ya kutupa.

Tuje kwenye hoja ya mumeo, maana ndiyo inayowaponza wengi: kwamba ardhi hupanda bei. Hupanda, lakini haipandi kwa kukaa tu. Kuna anayeipandisha. Pori likilimwa linakuwa shamba, bei inapanda. Shamba likichorewa mchoro wa mipangomiji na kupimwa, bei inaruka. Barabara za ndani zikichongwa, hati zikitoka, nguzo za umeme zikifika, majirani wakihamia, kila hatua ina ongezeko lake, na ongezeko hilo analichukua aliyekuwa anamiliki hatua hiyo ilipofanyika. Anayefuata analilipia.

Fanyeni hesabu ya ekari. Ekari moja, zile hatua 70 kwa 70, ina mita za mraba 4,047. Ukitoa barabara na maeneo ya wazi unapata viwanja saba hivi vya mita 20 kwa 20. Kwa milioni 9 kila kimoja, ekari hiyo imeuzwa milioni 63. Sasa nendeni mkaulize ekari isiyopimwa, jirani kabisa na mradi huo, inauzwa kiasi gani. Tuseme mnaambiwa milioni 15, na kampuni ikatumia nyingine 5 kupima, kuchonga barabara na kulipa matangazo. Milioni 43 zilizobaki ndizo lile "ongezeko la thamani" mnalotangaziwa, ila limeshakwenda kwa aliyekata viwanja. Kampuni haijafanya kosa lolote hapo, hiyo ndiyo kazi yake. Kosa ni la anayenunua mwisho wa ngazi huku akihesabu faida za ngazi za chini.

Kibaya zaidi, ile ekari ya milioni 15 bado ipo jirani. Mwaka kesho mtu mwingine ataipima na kuuza viwanja vipya, kwa awamu, na kalenda ya bure juu. Ninyi mtakuwa mnauza vitatu kwa bei ya juu ili mfidie riba, yeye anauza mia kwa bei yoyote inayomlipa. Dar es Salaam haijaishiwa ardhi ya pembezoni. Dodoma ilionyesha jambo hilo vizuri. Serikali ilipotangaza kuhamia huko Julai 2016, bei zilipanda kweli na waliokuwa na viwanja karibu na mji walifaidi. Kisha upimaji ukaja kwa kasi, viwanja vikatoka kwa maelfu, na waliochelewa wakajikuta wanauza bidhaa ambayo halmashauri yenyewe inauza.

Kuhusu Bagamoyo, hatukubaliani na neno "bahati mbaya". Makubaliano ya awali ya bandari ile yalisainiwa Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China alipotembelea nchi. Jiwe la msingi aliliweka Rais Kikwete Oktoba 2015. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kuwa masharti ya wawekezaji ni mwendawazimu tu angeyakubali, na mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kufufua mazungumzo. Kila tarehe hapo ilipandisha au kushusha bei za midomoni mwa madalali. Hakuna hata moja iliyoleta mpangaji, mjenzi wala mfanyakazi wa bandari anayetafuta pa kulala Zinga. Mlinunua tangazo, na tangazo lina hatua nyingi kabla halijawa kitu cha kukanyagwa.

Kigamboni yenyewe ina historia hiyohiyo. Mwaka 2008 ilitangazwa kuwa eneo la mji mpya, wenye maeneo wakazuiwa kuyaendeleza, ukaundwa wakala wa kuusimamia mradi. Mji haukujengwa na wakala nao ukavunjwa baadaye. Aliyekuwa na kiwanja katikati ya mpango ule alikaa miaka hajengi, wala hauzi kwa bei ya maana. Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016 lilikuwa kitu cha namna nyingine, kwa sababu mtu aliweza kulala ng'ambo na kufika kazini mjini asubuhi. Ndiyo maana cha kwanza kuuliza kuhusu kiwanja chenu ni hiki: mtu wa kazi ya kila siku anaweza kuishi hapo leo? Nusu saa ya bodaboda kabla hata ya kuiona lami inajibu swali.

Na hiyo lami "inayokuja" mwulizeni dalali inapita wapi hasa. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ya barabara tangu sheria ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Aliyenunua mstari wa mbele kwa bei ya juu ndiye anayekuja kuwekewa alama ya X. Akilipwa fidia, atalipwa kwa thamani iliyothibitishwa na Mthamini Mkuu, bei ya dalali haiingii humo.

"Ardhi haijawahi kushuka bei" ina uongo mwingine mdogo ndani yake. Anayesema hivyo anataja bei inayotajwa, si bei iliyolipwa. Wenye viwanja huku kwetu hawashushi bei wanayotaja, wanakaa tu bila kuuza mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, na soko linaonekana halijashuka. Chukueni kiwanja chenu cha Zinga. Kwa mfumuko wa bei wa asilimia 4 hivi kwa mwaka, milioni 6 za 2014 zinahitaji kuwa karibu milioni 9 leo ili zinunue kilekile zilichonunua wakati ule. Mtu kawapa 7 na nusu, kwa awamu. Hicho kiwanja kimeshuka. Na kwenye nchi ambako takwimu za bei za ardhi huchapishwa kwa utaratibu, kama Japani, zinaonyesha bei zilifika kileleni mwaka 1991 na zikateremka zaidi ya miaka kumi iliyofuata.

Hatusemi hakuna anayefaidi. Wapo, na wengi wao wana sifa mbili: walinunua kabla ya upimaji, na walinunua kwa fedha isiyowadai. Ninyi hamna hata moja.

Kama shemeji yetu bado anataka kuupima huo mradi, afanye hivi. Awapigie madalali watatu wanaouza eneo hilohilo, wasio wa kampuni, na ajitambulishe kama muuzaji. Aseme: "Nina kiwanja 20 kwa 20 mradi fulani, kimepimwa, nataka kuuza mwezi huu, utaniuzia kwa ngapi?" Anayemwambia mnunuzi milioni 9 humwambia muuzaji milioni 5 na nusu, au "tuma picha nitakutafuta" na simu haipigwi tena. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo hasara mnayoingia siku ileile ya kununua. Simu hizo tatu zina thamani kuliko brosha yoyote.

Kisha aende mahali penyewe, aende Aprili. Kigamboni ina mabonde ambayo Agosti ni mchanga mkavu unaovutia na masika ni dimbwi. Matete yakiota katikati ya kiwanja yanasema kitu ambacho ramani haikisemi, na ukuta wa jirani ukiwa na mstari wa tope kwenye usawa wa goti umeshamaliza mjadala. Abaki mpaka saa mbili usiku ahesabu taa. Nyumba ngapi zina watu, siyo ngapi zina misingi na mapagale. Mradi wenye viwanja 300 na taa sita una wenye viwanja karibu 300 wanaomsubiri mteja yuleyule mnayemsubiri ninyi. Huyo ndiye tunayemwita mnunuzi wa kweli: mtu atakayejenga na kulala hapo. Wasipokuwepo, wanaonunua ni watu wenye mpango kama wenu, na wote mna tarehe moja ya kuuza kichwani.

Upande wa karatasi, waambieni kampuni iwape namba ya ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Utaratibu unaanza na mchoro wa mipangomiji, unafuata upimaji na kuwekwa bikoni, ramani inaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, ndipo umilikishaji na hati vinafuata. Kampuni nyingi huanza kuuza mchoro ukiwa bado ofisini, na mnunuzi wa awamu anakuwa ameshika risiti tu juu ya shamba la mtu. Neno "kimepimwa" kwenye tangazo linaweza kumaanisha mtu amepita na kamba. Bikoni ni kijiwe cha zege chenye chuma na namba yake. Mpima aliyesajiliwa, wa kumlipa ninyi wenyewe, alinganishe namba na viwianishi vyake na ramani. Wakili afanye upekuzi rasmi ofisi ya ardhi ajue jina la mmiliki ni la nani, kama kuna rehani ya benki, zuio la mahakama au deni la pango. Kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili si hadithi za magazeti. Hutokea zaidi pale ambapo mwenye kiwanja hajengi, hatembelei, na yuko mkoani. Yaani kwa watu wa mpango kama wenu.

Someni mkataba kipengele kinachosema "kampuni itamsaidia mteja kuuza". Kina bei? Kina tarehe? Kinasema kampuni italipa nini ikishindwa? Kama hakina, ni tabasamu lililoandikwa kisheria.

Kuna sharti moja ambalo wanaonunua ili wakae tu na kiwanja hawalisomi kabisa. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na unachopewa ni haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99, kwa masharti. Hati nyingi za makazi hubeba sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36. Mpango wenu wa kukaa miaka mitatu bila kuweka tofali unaishia pale pale sharti linapokomaa. Ni kweli si kila asiyejenga anafutiwa milki. Lakini ilani ya kubatilisha ikitoka, utaipokea ukiwa bado unakatwa mshahara, na benki haijali kiwanja kimekwenda wapi kwa sababu dhamana yake ilikuwa mshahara wako.

Hilo linatuleta kwenye jina. Deni liwe lako kwa miaka sita na mali iwe yake peke yake, hapana. Kufuatilia si sababu ya kuandikwa peke yako. Chochote mtakachonunua sasa au baadaye, hati iandikwe majina mawili, na mkataba wa mauziano usainiwe na wote wawili. Mwambie hivyo mapema na kwa upole, kabla ya mazungumzo ya bei. Akikasirika kwa hilo tu, mna jambo la kuzungumza ambalo halihusu Kigamboni.

Sasa mfanye nini na uwezo mlionao. Kama mshahara unaweza kuvumilia kukatwa 650,800, basi unaweza kuvumilia kuziweka. Miezi 36 ya kuweka ni milioni 23.4, bila deni na bila kuhesabu riba yoyote. Kwa kiasi hicho taslimu, siku mkitaka kiwanja, mnakwenda sokoni Januari, mwezi wa ada, wenye viwanja wakiwa wamebanwa, na ninyi ndio mnaotaja bei. Fedha ikisubiri, isikae kwenye akaunti ya kawaida. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS hukuruhusu kutoa ndani ya siku chache za kazi. Hatifungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba, za miaka 20 na 25 zinaanzia milioni moja, kwa akaunti ya CDS (ya kutunzia hatifungani na hisa) kupitia benki au wakala wa soko la hisa, na kutegemea toleo zimekuwa zikilipa kati ya asilimia 12 na karibu 16 kwa mwaka, zikigawanywa katika malipo mawili. Msizinunue kwa mkopo wa asilimia 16. Imeulizwa kwenye safu hii zaidi ya mara moja.

Lakini tungeanza na nyumba. Mwiteni fundi apige hesabu ya kupaua sehemu tu, vyumba viwili na choo, mbao na bati za eneo hilo peke yake, na mhamie. Kodi ya laki mbili inayookolewa ndiyo faida pekee katika barua yako yote ambayo tuna hakika nayo.

Cha Zinga msikiuze kwa awamu kwa milioni 7 na nusu. Mtu akishalipa awamu ya kwanza na kuweka uzio, kumtoa ni kesi. Kwanza nendeni ofisi ya ardhi Bagamoyo mkaulize kama kiwanja kiko ndani ya eneo lililotwaliwa au lililopangiwa mradi. Kama kimo, tafuteni kama mlishawahi kufanyiwa uthamini na jina gani liko kwenye orodha, maana mkataba wa mkono wa 2014 unaweza usiwe na jina lenu popote. Kama hakimo, ulizeni kama kuna urasimishaji unaoendelea mtaani hapo. Kuingia kwenye upimaji wa pamoja na majirani ni nafuu mno kuliko kumleta mpima peke yenu. Mkipata ramani na hati, hiyo ni hatua ya ngazi ambayo safari hii ongezeko lake litakuwa lenu, na mnunuzi anayekopa benki ataweza kukitazama. Mwenyekiti na mashahidi wa mkataba ule watafuteni mwezi huu. Wakifa au wakihama, karatasi yenu inapungua nguvu.

Na fomu iliyo kwenye mkoba, ambayo haijafika benki, haikudai kitu. Mwambie ofisa utumishi umesitisha, akuondolee kwenye orodha yake ya makato yanayosubiri, kisha uichane.